Nimetuma postikadi 300 kutangaza duka langu la udi Mombasa, haya ndo niliyoyaona

Alhamisi iliyopita baada ya alasiri aliingia mama mmoja dukani, mtu wa Tudor, nilikuwa sijamuona tangu harusi ya mwanawe wa kwanza. Hakukaa hata kitini, akafungua pochi akatoa kadi yangu katikati ya risiti na kitambulisho, akaiweka juu ya kioo cha kabati akanambia "hii hapa mwanangu, nipe changu". Kadi ishakunjika pembe moja na bado yanukia. Nkampa kikopo chake cha udi bure kama kadi isemavyo, kisha akanunua udi wa sukari nusu kilo na chupa mbili za marashi ya mawaridi, na alipotoka nkasema leo lazima nikae niandike, manake mie nilipokuwa nikitafuta mtu wa hapa kwetu aliyejaribu kutangaza biashara ndogo kwa kadi za posta sikumpata hata mmoja, kila niliyemuuliza alinambia weka tangazo Facebook yaishe.

Duka langu liko Kibokoni, ndani Mji wa Kale. Nauza udi wa kupika mwenyewe, uturi, marashi, vyetezo na mkaa wake. Si duka la barabarani ati mtu apita na gari alione, waja wanaolijua au walioletwa na mtu. Kwa hivyo matangazo kwangu ni shida ya kweli. Nilikuwa natumia stetasi ya WhatsApp na ile brodikasti ya kutuma meseji moja kwa watu wengi, lakini brodikasti mwisho wake watu 256 kwa orodha moja na isitoshe haimfikii mtu ambaye hajaisevu namba yako, na wateja wangu wengi ni akina mama wa umri, namba yangu wameiandika kwenye daftari la jikoni, kwenye simu hamna. Meseji za jumla nazo watu hawasomi siku hizi, yaingia katikati ya meseji za mikopo na za kubeti, mtu afuta zote pamoja.

Wazo la kadi lilitoka kwa dada yangu aliyeko Marekani. Kule kila wiki akifungua boksi lake la barua akuta kadi, ya fundi bomba, ya daktari wa meno, ya mkahawa mpya mtaani, na akanambia zile ni biashara ndogo ndogo tu kama yangu. Posta yao, USPS, ina mpango wauita Every Door Direct Mail, ulianza 2011, wewe huhitaji jina la mtu wala anwani, wachagua njia ya mpeleka barua, watoa kadi kuanzia 200 mpaka 5,000 kwa siku kwa msimbo mmoja wa posta, naye apitapo atia moja kila nyumba. Tena hazikubaliki zile kadi ndogo za kawaida, lazima iwe kubwa zaidi. Niliposikia hivyo nilifurahi sana, nkajiona nshapata dawa, nkaanza kuhesabu nyumba za Kizingo na Ganjoni.

Sasa hapo ndo pa kusimama kwanza, manake mtu akisoma ushauri wa Wamarekani akaubeba mzima mzima akauleta Mombasa ataumia. Kwetu barua haiji mlangoni. Barua yaenda kwenye sanduku, na sanduku ni la mtu aliyelilipia, na nyumba nyingi hazina sanduku kabisa, watumia la ofisini au la shule au la msikiti au la marehemu babu. Hakuna njia ya kumwambia mtu wa posta tia moja kila mlango wa Kizingo. Kwa hivyo mpango wote wageuka, si tena kutafuta watu usiowajua, ni kuwaandikia watu waliokwisha kukupa anwani yao. Na ukweli ni kwamba hilo ndilo lililonifaa, lakini mwanzo sikulijua hilo.

Huduma niliyoitumia ni ya duka moja la kuchapa mjini, sitalitaja jina kwa sababu nina lawama nao na pia nina sifa zao na sitaki kuharibia mtu riziki. Huchapa, na ukitaka hubandika stempu na kupeleka posta wenyewe. Nilichukua kadi 300 za saizi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, karatasi ngumu ya gramu 300, mbele rangi na nyuma wino mweusi tu. Walinichaji shilingi 28 kwa kadi moja, kwa hivyo 8,400. Kwa idadi kama hii huchapwa kwa mashine ya dijitali, ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa kwa wingi, yaanza kuwa rahisi ukifika maelfu, kwa hivyo mtu akikwambia chukua 3,000 ndo upate bei nzuri muulize kwanza hao watu 3,000 uko nao wapi.

Sampuli ya kwanza niliyoletewa nilitaka kulia. Ile picha yangu ya chetezo cha bibi yangu na moshi wapanda, kwenye simu ilikuwa na rangi ya kaharabu nzuri sana, kwenye karatasi imekuwa kama matope. Yule kijana wa dizaini, na huyu nampa haki yake kwa sababu alinifahamisha kwa upole, aliniambia simu yaonyesha rangi kwa mwanga na mashine yachapa kwa wino, mwanga na wino havikubaliani, kwa hivyo picha lazima igeuzwe kwanza kabla ya kuchapwa na ing'arishwe kidogo. Akakaa nayo nusu saa ikarudi uhai. Pia namba yangu ya simu ilikuwa imesogea pembeni mno, kisu cha kukatia kikiteleza milimita mbili tatu namba ya mwisho yakwenda, tukairudisha ndani. Kwa hivyo usikubali kuchapiwa bila kuona sampuli ya karatasi, si ya kwenye simu, ya karatasi, uishike mkononi uende nayo nje kwenye jua.

Lawama yangu ndo hii. Nilisema wazi nyuma nitaandika kwa kalamu. Wao wakachapa kadi zote 300 na wakazipaka laminesheni, ule utando wa plastiki wa kung'aa, pande zote mbili. Zilipendeza, sikatai, lakini kalamu haishiki, wino wakaa juu kama maji kwenye nailoni, ukipitisha kidole jina la mtu lishakuwa doa. Na stempu nayo pembe zake zabanduka. Nilirudi nazo siku ileile, tukavutana pale kaunta, mwenye duka akisema kazi ni nzuri na mie nasema nzuri ya nini kama haiandikiki. Mwisho walikubali kunichapia upya kwa nusu ya bei, nyuma wazi bila laminesheni, nkalipa 4,200 zaidi, ambazo bado naona sikupaswa kulipa. Zile za kwanza ninazo mpaka leo kwenye boksi, huwa naziweka kwenye mifuko ya wateja. Na kitu chengine, walitaka kuniuzia orodha, ati wana anwani elfu moja za "watu wenye uwezo" wa Nyali, niongeze pesa kidogo wanitumie. Nilikataa. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data hapa Kenya na kutumia habari za mtu kumuuzia vitu bila ridhaa yake ni makosa, lakini hata bila sheria, mtu hajui mie ni nani, anwani yake nimeitoa wapi, ataniamini vipi na udi wangu?

Anwani zangu mwenyewe nilizitoa kwenye daftari la oda. Wateja wa harusi huandika anwani kwa mazoea ya zamani, sanduku la posta namba fulani, Mombasa. Nkawapigia simu mmoja mmoja, jioni tatu nzima, "shangazi nataka kukutumia kadi, wakubali?" na karibu wote walifurahi, mmoja akanambia tangu mumewe astaafu bandarini hajapokea barua isiyo ya benki wala ya bili. Ile simu yenyewe ilikuwa tangazo. Na hapo nkarekebisha misimbo manake wengi waliandika Mombasa 80100 na sanduku liko kwengine, Nyali ni 80118, Likoni 80110, ukikosea kadi yaenda kwanza posta ya Digo Road ndo irudi ianze safari yake. Siku hizi kwenye daftari nina kisanduku kidogo cha kutia alama, mteja akubali kuandikiwa au la, na asiyetaka simuandikii.

Nilipata 180 wa kuwatumia kwa posta. Zile 120 zilizobaki nilimpa kijana azigawe kwa mkono, chini ya milango ya fleti za Kizingo na Tudor, ili nione tofauti. Kila kundi nilitia herufi ndogo pembeni, P kwa posta na M kwa mkono, mteja haoni lakini kadi ikirudi dukani najua imetoka wapi. Hili ni jambo dogo ambalo halina gharama na bila yake ningekuwa hapa naandika kwa kukisia.

Sasa kadi yenyewe ilisema nini. Hapa nilishauriana na bi mkubwa wangu na ndo aliyeniokoa. Mie nilikuwa nimeandika orodha nzima, udi aina saba, bei, marashi, tunafungua saa ngapi, Lipa na M-Pesa tili namba fulani, picha nne. Akaiangalia akanambia "mwanangu, hii ni gazeti. Leso hainunuliwi kwa maua pekee, hununuliwa kwa jina lake, na jina la leso ni mstari mmoja". Ni kweli wallahi. Ukenda Biashara Street mama hufunua leso ishirini, na analolitafuta ni ule mstari, umfae anayempelekea na atakayeusoma. Kwa hivyo mbele tukaweka picha moja tu ya chetezo na mstari mmoja wa kwetu wenyewe: "Harufu hupiga hodi kabla ya mgeni". Basi. Nyuma kushoto maneno matatu manne, leta kadi hii upate kikopo cha udi bure kabla ya Iddi, mahali duka lilipo kwa alama ya karibu, na namba ya simu. Kulia anwani na stempu. Ngome ya Yesu sikuiweka wala zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, zile ni kadi za wageni kupelekea kwao, mtu wa Mombasa ukimtumia picha ya Ngome yuaona umemuuzia ziara.

Kisha ikaja ile ya harufu, na hii sikuisoma popote, ni ya udi wenyewe. Kasha langu la kuhifadhia udi lina miaka, mbao zishakunywa. Nkazitia kadi humo zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi nyembamba, siku tatu usiku na mchana. Mwanzo nilijaribu kutonesha uturi wa asumini kwenye kadi kumi, usifanye, mafuta yaacha doa na wino watawanyika. Harufu ya kasha ni kavu, haiachi alama. Nkajitumia moja mwenyewe kwenye sanduku langu kuona itafika vipi, ikafika siku ya nne, na nilipofungua kile kisanduku cha chuma pale posta harufu ilinitokea kabla sijaiona kadi. Niliisimamisha mkononi nkacheka peke yangu. Ila niwe mkweli, mteja mmoja ana pumu na aliniambia nisimtumie tena yenye harufu, nimemtilia alama, zake hutoka kwenye bahasha ya duka si kwenye kasha.

Na niliandika kwa mkono kila kadi, mstari mmoja tu, "Asalam aleikum Mama fulani, tumekukumbuka". Kadi 180, mkono uliuma, lakini najua hii ndo iliyofanya kazi kuliko picha. Nilikosea mahali pamoja na nataka mwengine asikosee. Mama mmoja nilimuandikia "ule udi wa bi harusi uko tayari ukiutaka", nia yangu njema, sanduku ni la ofisi ya shirika anakofanya kazi. Postikadi haina bahasha. Ofisi nzima ikasoma, na yeye alikuwa hajamwambia mtu kuwa bintiye aolewa, mambo yalikuwa hayajakaa sawa baina ya familia. Alinipigia simu amekasirika na alikuwa na haki yake, nilienda mwenyewe kumuomba radhi. Kadi ni kitu cha wazi, andika kile ambacho ungeweza kukisema kwa sauti mbele ya watu ferini Likoni, hakuna zaidi.

Matokeo. Katika zile 180 zilizopita posta, 23 zilirudi, sanduku lishafungwa au mtu kahama, kwa hivyo zilizofika tuseme 157. Waliokuja dukani na kadi yenye P walikuwa 31. Za M, zilizogawiwa milangoni, walikuja wawili. Wawili kati ya 120! Na mmoja wao alikuwa mteja wangu wa zamani aliyeiokota. Sikushangaa sana, fleti zile kila siku zatupiwa karatasi za intaneti na za pitsa, na askari wa geti mmoja alimzuia kijana wangu asiingie kabisa. Kwa hivyo ukiniuliza kadi ya posta ni nzuri kwa kutafuta watu wapya hapa Mombasa, nakwambia hapana, kaa na pesa yako. Ukiniuliza ni nzuri kwa kumrudisha mteja aliyenunua mara moja akasahau njia, hapo nakwambia ndiyo na tena ndiyo.

Pesa nazo tuziongee. Wale 31 walinunua kwa wastani wa kama shilingi 1,400 kila mmoja, yaani mauzo 43,400 hivi. Yasikie vizuri, hayo ni mauzo si faida. Udi wangu nusu ya bei ni mtaji, mbao zenyewe, sukari, miski, marashi, mkaa na kazi. Kwa hivyo faida ilikuwa kama 21,700, nikaja nikatoa kuchapa mara mbili, stempu, simu, kijana wa kugawa, na vikopo 33 vya bure. Stempu kwa kila kadi ilishinda bei ya kadi yenyewe, ulizia kaunta kabla hujapanga manake hubadilika. Mwisho wa mwezi ule niliangalia hesabu nkaona nimerudisha pesa zangu na mia chache juu, na kama ile laminesheni isingeharibika ningebakiwa na elfu nne na ushei. Faida imekuja baadaye, kwa sababu kumi na mmoja katika wale 31 wamerudi tena bila kadi yoyote, na watatu wameniletea harusi. Mtu akifunga hesabu yake mwezi wa kwanza atasema kadi hazilipi na ataacha mapema.

Wakati wa kutuma pia nilikosea. Nilipeleka wiki mbili kabla ya Ramadhani nikijua siku nne tano zatosha, na kweli kadi yangu mwenyewe ilifika siku nne. Lakini kufika sandukuni ni kitu kimoja na mtu kufungua sanduku ni kitu chengine. Watu hufungua sanduku mara moja kwa mwezi, wengine hungojea mtoto aliye na ufunguo ashuke mjini. Kuna walionipigia kumi la mwisho la Ramadhani ati ndo wameiona sasa. Na biashara ya udi kubwa iko Shaaban, harusi zote husongamana pale kabla ya mfungo, kwa hivyo kadi yatakiwa itoke Rajab mwanzoni. Mwenye biashara nyengine ahesabu zake, wa sare za shule, wa keki za Iddi, lakini asipungue wiki tano.

Yule mchapishaji nampa nyota tatu. Dizaini nzuri, kijana wa dizaini mstahamilivu, bei ya kawaida, lakini kosa lao nimelilipia nusu na ile biashara ya kuuza anwani za watu sijaipenda hata kidogo. Kupeleka posta kwao nilikuacha, naenda mwenyewe kaunta, nahesabu kadi zangu na stempu zangu mbele ya macho yangu. Kadi zenyewe kama njia ya kumkumbusha mteja, nyota nne na nusu. Duka la kuuza kredi au soda lisijisumbue, mteja wake yuaja kila siku. Fundi wa nguo za harusi, mpishi wa pilau za shughuli, mwenye vyumba vya kulala wageni Mji wa Kale, fundi wa makochi, hawa ambao mteja aja mara moja kwa mwaka na katikati ya mwaka awasahau, ndo nawaambia wajaribu, kadi hamsini tu kwanza, za watu hamsini ambao watapokea simu yako.

Jana nimelipia nyengine 160 za Rajab. Nyuma wazi, nimeandika kwenye karatasi ya oda kwa herufi kubwa BILA LAMINESHENI NYUMA na mwenye duka ametia sahihi. Zile 23 zilizorudi nimezitoa kwenye orodha isipokuwa moja, ya bibi wa Majengo aliyekuwa rafiki ya bibi yangu, nimeambiwa yuko kwa mwanawe Malindi na nangojea nipate sanduku la huko.